Sura ya Nne: Kijiti Chekundu

Zamani, kabla mtu hajaupiga mpira wa gofu, ilibidi mtu mwingine achafue mikono. Pembeni ya kila mahali pa kuanzia shimo palikaa sanduku la mbao lenye mchanga, na aghalabu ndoo ya maji karibu yake. Kedi, yaani kijana anayembebea mchezaji mkoba wa fimbo, aliinama akachota mchanga, akaulowesha, akaufinyanga kwa ncha za vidole mpaka ukasimama kama kichuguu cha sisimizi. Juu ya kichuguu akauweka mpira. Bwana akapiga, mchanga ukatawanyika, msafara ukaondoka. Kwa mchezo wa mashimo 18, kazi hiyo ilirudiwa mara 18, na wachezaji wakiwa wanne, piga hesabu mwenyewe. Mvua ikinyesha mchanga ulikuwa uji, jua likiwaka ulikuwa vumbi.

Mjini Boston alikuwapo mtu aliyechoshwa na mambo hayo. Jina lake George Franklin Grant, daktari wa meno, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alizaliwa mwaka 1846 katika mji wa Oswego, jimbo la New York, akahitimu udaktari wa meno Harvard mwaka 1870, kisha akafundisha hapohapo, mtu mweusi wa kwanza kuwa mwalimu wa chuo hicho. Umaarufu wake kazini ulitokana na vifaa alivyowatengenezea wagonjwa waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, wakaweza kuzungumza na kula vizuri. Jioni na siku za mapumziko alicheza gofu kwenye uwanda wa majani huko Arlington Heights. Tarehe 12 Desemba 1899 alipewa hataza ya kijiti cha mbao chenye kichwa cha raba laini: unakichomeka ardhini, unaweka mpira juu, unapiga, kichwa kinapinda kidogo kisha kinarudi. Uingereza walikuwapo waliosajili vifaa vya namna hiyo miaka michache nyuma, lakini mwenye kijiti cha mbao cha kuchomekwa, babu wa hivi tunavyoviona leo, ni Grant.

Alikifanyia nini? Alitengenezesha vichache, akavitia mfukoni, akawagawia marafiki. Biashara hakuitaka. Alikufa mwaka 1910, na ulimwengu wa gofu ukaendelea kufinyanga mchanga.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, ila katika jambo hili sikubaliani nao. Kijiti cha Grant kilikuwa chema na hakikujiuza hata kimoja. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini, daktari mwingine wa meno, kopo la rangi nyekundu na mtu mmoja mwenye maringo ya ajabu ndipo kikaenea. Katika miaka hiyo ishirini watu walikuwa wamejifunza kitu kipya kuhusu gofu: kwamba mchezo huu unaweza kuuza karibu chochote, ilimradi aonekane mtu wa kutazamwa.

Mwaka uleule ambao hataza ya Grant ilikuwa bado mbichi, 1900, alishuka Marekani mchezaji bora wa dunia wa wakati huo, Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey. Alikuwa tayari ameshinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mara tatu, na kabla ya kustaafu angefikisha sita, rekodi ambayo hadi leo haijafikiwa na mtu. Safari yake ilidhaminiwa na kampuni ya vifaa vya michezo ya Spalding, iliyotaka kuwauzia Wamarekani mpira uliopewa jina lake, Vardon Flyer. Kwa miezi kadhaa alizunguka kwa treni mji hadi mji, leo anacheza na bingwa wa klabu, kesho na wawili kwa mpigo, na watu ambao hawajawahi kushika fimbo ya gofu wakaja kumwangalia jinsi wanavyokwenda kuangalia sarakasi. Alivaa koti na suruali fupi zilizofungwa chini ya goti, wakati wengi wa wenzake wa kulipwa walicheza na suruali ndefu.

Kituo kimoja cha safari hiyo kinanifurahisha kuliko ushindi wake wote. Ni duka kubwa la Jordan Marsh, Boston, katika mji wa daktari Grant. Ndani ya duka uliwekwa wavu, na Vardon akawa anapiga mipira kuingia kwenye wavu huo mbele ya wateja, onyesho baada ya onyesho. Bingwa wa dunia anapiga mpira usiokwenda kokote! Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba uchoshi ulimzidi akaanza kutafuta shabaha, akaona juu darini midomo ya mabomba ya kuzimia moto. Akawa anailenga. Meneja akaja mbio kumsihi aache, maana bomba likifunguka duka zima lingefurika. Hapo mchezo ulikuwa umetolewa nje ya uwanja, ukavuliwa majani, upepo na mashimo, ukabaki mwili wa mtu maarufu ukizungusha fimbo katikati ya bidhaa. Tangazo la biashara lilikuwa limejipatia umbo lake.

Vardon alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka huohuo karibu na Chicago. Mpira wenyewe haukufika mbali. Ulikuwa wa gutaperka, utomvu mgumu wa miti ya nchi za Malaya, na wakati anautangaza, Coburn Haskell wa Cleveland alikuwa keshapata hataza, mwaka 1899, ya mpira uliosokotwa kwa nyuzi za raba ndani ya ganda. Aligundua wazo hilo na rafiki yake Bertram Work, aliyefanya kazi katika kiwanda cha raba cha Goodrich huko Akron. Mpira wa Haskell uliruka mbali hata ukipigwa ovyo. Mwaka 1902 Sandy Herd aliutumia kushinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza, akicheza na mpira mmoja tu kwa mashimo yote 72, na inasimuliwa kwamba mwishoni ganda lilikuwa limepasuka nyuzi zikichungulia nje. Gutaperka ikafa. Karani wa benki aliyekuwa anaona aibu kupiga mbele za watu sasa aliuona mpira wake ukipaa, na mtu anayeona mpira wake ukipaa hurudi tena Jumamosi ijayo. Jumamosi baada ya Jumamosi, soko likakua.

Soko lilipokua, wenye bidhaa nyingine nao walikuja na mabango yao. Watengeneza tumbaku wa Liverpool, kampuni ya Cope, walitoa karibu na mwaka 1900 seti ya kadi 50 za wacheza gofu, kadi moja moja ndani ya pakiti, na wavulana wasiojua tofauti ya fimbo hii na ile wakawa wanakusanya nyuso za mabingwa kama watoto wa leo wanavyokusanya stika za wachezaji wa soka. Makampuni ya reli ya Uingereza yalijenga hoteli kubwa pembeni ya viwanja, Turnberry mwaka 1906, Gleneagles mwaka 1924, kisha yakabandika kwenye kuta za stesheni mabango ya rangi yenye bahari, majani mabichi na mwanamke mwembamba aliyeinua fimbo. Abiria aliyesimama kwenye ukungu wa moshi wa treni akisubiri kwenda kazini aliuona upepo wa Scotland. Tiketi ndiyo iliyouzwa. Gofu ilikuwa chambo.

Utajiri wa mchezo wenyewe ulikuwa siri ya wazi. William Howard Taft alipogombea urais wa Marekani mwaka 1908, Theodore Roosevelt, rais aliyekuwa anaondoka, ambaye pia alikuwa rafiki yake, alimwonya asipigwe picha akicheza gofu, kwa sababu wapiga kura wa kawaida waliuona ni mchezo wa matajiri. Taft, mwenye mwili wa kujaza kiti, hakuacha, na alishinda. Nadhani Roosevelt aliisoma hali ilivyokuwa, asione inakoelekea. Mpiga kura huenda alimchukia tajiri, lakini alitamani Jumamosi yake. Watangazaji walilijua hilo kabla ya wanasiasa.

Mavazi ni mlango mwingine, na hapa wanawake walitangulia kupata shida. Sketi ya kufagia ardhi, koti la kubana na kofia iliyochomekwa pini haviruhusu mtu kuzungusha mikono. Zaidi ya hayo, upepo wa pwani ukivuma, sketi ilijaa ikauficha mpira. Dawa iliyopatikana ilikuwa mkanda wa mpira unaovutika, uliopewa jina la mchezaji wa Kimarekani, Miss Higgins: ulikaa kiunoni mpaka wakati wa kupiga, kisha ukashushwa hadi usawa wa magoti kuibana sketi. Mwanamke alijifunga kamba ili awe huru! Magazeti yalimpenda hata hivyo. Mchoraji Charles Dana Gibson, ambaye wasichana wake warefu wenye nywele za kurundikwa walikuwa kipimo cha urembo Marekani, aliwachora na fimbo za gofu mikononi, na mara michoro hiyo ikatapakaa kila mahali. Polepole pindo la sketi lilipanda. Hata hivyo mwaka 1933, Gloria Minoprio alipotokea kwenye mashindano ya wanawake wa Uingereza amevaa suruali, na fimbo moja tu mkononi kwa mchezo mzima, wakubwa walishtuka kana kwamba amekuja na bunduki.

Kwa wanaume, aliyeamua mambo ni mtu mmoja. Mwaka 1921 mfanyabiashara wa nguo wa Lerwick, katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Scotland, alimpelekea zawadi Mwana wa Mfalme wa Uingereza, Edward: sweta la sufu la mtindo wa Fair Isle, lililofumwa kwa mkono, lenye safu za maua, misalaba na nyota za rangi nyingi. Mwaka uliofuata Edward aliingizwa kuwa kapteni wa klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews. Desturi ya siku hiyo ni ya kuvutia. Kapteni mpya hupiga mkwaju mmoja tu, mzinga hulipuliwa, na makedi waliojipanga uwanjani hukimbilia mpira. Anayeupata humrudishia kapteni na kupewa sarafu ya dhahabu. Edward alivaa sweta la Shetland.

Basi. Hakusema neno, hakulipwa hata senti. Picha zilichapishwa, na vijana wa vyuo vya Oxford na Cambridge na kisha wa Marekani wakataka sweta lilelile, na wafumaji wa visiwani, wanawake waliofuma baada ya kuchunga kondoo na kuchimba viazi, wakapata maagizo wasiyoyategemea. Edward huyohuyo alizieneza zile suruali pana zilizoshuka inchi nne chini ya goti na kumwagika kama marinda, na soksi ndefu zenye vipande vya umbo la almasi. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa safari ya kuwinda ya mwaka 1928, Kenya na Tanganyika, iliyokatizwa na habari za ugonjwa wa baba yake, akapanda meli ya kivita Dar es Salaam kurudi kwao. Yale masweta yake bado yanatufikia. Nenda kwenye mabanda ya mitumba Manzese msimu wa baridi huko ng'ambo unapokwisha, utayakuta masweta hayo yamening'inizwa, na muuzaji atakwambia ni sweta la kizee, punguza bei uchukue.

Sasa tazama kichekesho. Mwaka 1916 chama cha gofu cha Marekani kilimvua Francis Ouimet hadhi ya mchezaji wa ridhaa. Ouimet ndiye kijana wa miaka 20, aliyewahi kuwa kedi, ambaye mwaka 1913 huko Brookline aliwashinda Vardon na Ted Ray katika mchezo wa marudiano, mikwaju 72 kwa 77 na 78, akiwa na kedi wa miaka 10, Eddie Lowery, na kuufanya mchezo huu habari ya ukurasa wa mbele. Kosa lake? Alifungua biashara ya vifaa vya michezo. Walimrudishia hadhi hiyo mwaka 1918. Mwana wa mfalme aliweza kuuza sweta za visiwa vizima akabaki mtu wa ridhaa. Mtoto wa familia maskini akiuza fimbo dukani, ameuchafua mchezo.

Mtu aliyekataa kuona aibu kwa jambo hilo alikuwa Walter Hagen. Alizaliwa mwaka 1892 Rochester, New York, baba yake mhunzi, yeye mwenyewe kedi tangu utotoni. Alikuwa mchezaji wa kulipwa wakati neno hilo lilimaanisha kitu cha karibu na mtumishi: mtu wa kurekebisha fimbo, kufundisha wanachama na kuingilia mlango wa nyuma. Mwaka 1920 alikwenda Deal, Uingereza, kwa Mashindano ya Wazi. Akaambiwa wachezaji wa kulipwa hawaruhusiwi ndani ya jengo la klabu. Watabadilishia nguo kwenye duka la mwalimu wa gofu. Hagen akakodi gari kubwa la kifahari pamoja na dereva, akaliegesha mbele kabisa ya jengo la klabu, akaligeuza chumba cha kubadilishia nguo. Kila siku wanachama waliokunywa chai dirishani walimwona akishuka amevaa hariri, viatu vya rangi mbili, nywele zimepakwa mafuta zikalala. Katika mchezo wenyewe alimaliza nafasi ya 53. Miaka miwili baadaye alirudi Uingereza akachukua kombe, la kwanza kati ya manne.

Kiangazi hichohicho cha 1920, klabu ya Inverness ya Toledo, Ohio, iliwafungulia wachezaji wa kulipwa milango yake wakati wa mashindano ya Marekani. Walichangishana wakainunulia klabu saa kubwa ya kusimama kama shukrani. Shukrani ya kuingia mlangoni!

Huyu ndiye mtu aliyetafutwa na daktari wa meno wa pili. William Lowell wa Maplewood, New Jersey, naye hakupenda mchanga uliokwaruza mikono anayoiingiza vinywani mwa watu. Alichonga kijiti chenye kichwa cha kikombe kidogo, akajaribu vifaa mbalimbali, akaishia kwenye mbao nyeupe ya mti wa bechi. Kwanza alivipaka kijani. Kijani kwenye majani! Vikapotea. Akabadilisha rangi, akaviita Reddy Tee, vijiti vyekundu. Wachezaji walivicheka. Mtu anayejua gofu, walisema, anajua mchanga.

Mwaka 1922 Lowell alimlipa Hagen dola 1,500 avitumie katika ziara ya maonyesho aliyofanya na Joe Kirkwood, Mwaustralia hodari wa mikwaju ya kiini macho. Walichotakiwa kufanya ni kucheza kama kawaida, ila na kijiti chekundu. Hagen aliongeza ujanja wake: alipopiga, hakuinama kukiokota. Alikiacha pale chini kama mtu anayeacha chenji mezani, akaenda zake. Watoto wakaruka kamba kukigombania.

Nikisoma habari hiyo huwakumbuka makedi wa St Andrews wakikimbilia mpira wa Edward mwaka uleule. Mkimbio ni mmoja, lakini pale zawadi ilikuwa dhahabu, na hapa kilichogombewa ni kipande cha mti cha thamani ndogo kuliko peremende. Mtoto aliyekipata alikwenda nacho nyumbani, baba akakiona, akauliza. Haukupita muda, maduka ya bei nafuu ya Woolworth yalikuwa yakiviuza, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kijiti kilikuwa kimemwingizia Lowell takriban dola 100,000.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1926 Hagen alipambana na Bobby Jones wa Atlanta, mchezaji wa ridhaa aliyependwa kuliko wote, kwa mashimo 72 huko Florida. Magazeti yaliliita pambano la karne. Ukweli ni kwamba Florida ilikuwa katika homa ya kuuza viwanja vya nyumba, na nusu ya mchezo ilichezwa kwenye mradi wa nyumba uliomhusu Jones, nusu nyingine kwenye mradi uliomhusu Hagen. Watazamaji walitembea nyuma ya mpira, wakiyatembelea bila kujua mashamba ya kununua. Hagen alimpiga vibaya: alikuwa mbele kwa mashimo 12 yakiwa yamebaki 11. Alipokea mgao wake wa fedha. Jones, kwa kuwa ni wa ridhaa, hakuweza kupokea kitu, hivyo Hagen alimnunulia vifungo vya shati vya almasi.

Jones naye aliposhinda mataji yote makubwa manne mwaka 1930 na kustaafu akiwa na miaka 28, Hollywood ilikuwa inamsubiri. Warner Bros ilitengeneza mfululizo wa filamu fupi 12 za yeye kufundisha gofu, zilizotoka mwaka 1931, huku waigizaji wa studio wakijitokeza kama wanafunzi wasiojiweza. Spalding, walewale wa Vardon, wakaweka jina lake kwenye fimbo za chuma. Kabla yake sinema ilikuwa imekwisha kuicheka gofu: Chaplin katika The Idle Class ya mwaka 1921 alimpeleka mzururaji wake mwenye suruali za kuning'inia kwenye uwanja wa matajiri, anapiga mipira isiyo yake. Tofauti ya miaka kumi ni kwamba mwaka 1931 watu katika ukumbi wa giza, wengi wao hawana kazi, walilipa kiingilio ili wafundishwe kushika fimbo.

Lowell hakufaidi muda mrefu. Kijiti ni kitu chepesi kuiga, na viwanda vingine vikaanza kuchonga vya kwao, vya rangi na maumbo mengine. Hela alizopata nyingi zikaishia kwa mawakili. Grant alingoja zaidi. Mwaka 1991 chama cha gofu cha Marekani kilimtambua rasmi kuwa mwenye kijiti cha mbao, miaka 81 baada ya kuzikwa.

Masanduku ya mchanga yaliondolewa viwanjani moja baada ya jingine, na makedi wakapungukiwa na kazi moja. Lakini wacheza gofu wa Kiingereza bado wanapaita mahali pa kuanzia shimo kwa jina la sanduku. Utamwona mtu amesimama pale na kijiti cha plastiki kinywani, anangoja walio mbele wasogee, na chini ya viatu vyake hakuna sanduku wala mchanga.